Nipo Hapa Uwanjani

Begi langu la safari lina magurudumu mawili, na moja linalia. Kwa miaka mitatu majirani walilisikia likishuka ngazi kila Ijumaa asubuhi, kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, na kupanda tena Jumapili jioni, wakajua Shuhuda kaenda na Shuhuda karudi. Ndani yake mlikuwa na blanketi kuukuu, viatu vya kubadilisha na magazeti ya mwezi mzima, ambayo mke wangu aliyapanga vizuri ili begi liwe na uzito wa begi la mtu anayesafiri. Sikuwa nasafiri. Nilikuwa nakwenda kwa dada yangu, upande wa pili wa mji huu huu, na Jumamosi naingia kituoni kutangaza mpira nikiwa nimeketi katika chumba kisicho na dirisha.

Nayasema haya mapema ili nisipate nafasi ya kujipamba baadaye. Najijua, mdomo ndio kazi yangu.

Jina la Shuhuda nilipewa na watazamaji. Zamani, timu ikicheza mbali, kituo kilinipeleka mbali. Nilipanda kwenye kibanda cha watangazaji chenye vinyesi vya njiwa, nikanyeshewa na mvua iliyokuwa inawanyeshea wachezaji, na kila nilipoanza kutangaza nilisema: "Mimi ni shuhuda, nipo hapa uwanjani." Ilikuwa kweli. Watoto wa mitaani waliniiga, na kuna mtu alinisimamisha sokoni akaniomba nimwambie mkewe maneno hayo kwenye simu, maana mkewe alikuwa haamini yuko wapi.

Kisha biashara ikageuka. Mpira ukawa kipindi kama vipindi vingine, umebanwa kati ya tamthilia na shindano la kuimba, na wadhamini wakawa ndio wanaopanga nani aseme nini na dakika ya ngapi. Bosi mpya wa vipindi akaniita ofisini. Ni mwanamke mwenye umri wa kitindamimba wangu, ana adabu, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mzee wangu, picha inakuja hapa hapa kituoni," aliniambia. "Ya nini tukuchoshe na mabasi? Utakaa vizuri, kuna kiyoyozi, chai ipo. Ila ile 'nipo hapa uwanjani' usiiache. Watu wanaipenda sana."

"Lakini sitakuwa uwanjani."

"Mzee wangu, si ni msemo tu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Badala yake nilimshukuru, nikaomba chai isiwe na sukari nyingi.

Nikazoea upesi, na kwa hilo pia naona aibu. Asubuhi ya mechi nilimpigia simu muuza maji mmoja wa kule uwanjani, nikamuuliza kama kuna wingu, kama nyasi zimekatwa. Fundi sauti aliyekaa kushoto kwangu alikuwa na vitufe vya kelele za mashabiki: kimoja cha goli, kimoja cha kukosa, kimoja cha kuzomea. Viwanja vilikuwa vitupu siku hizo, watu wote wako majumbani wanatutazama, lakini ukiwasha televisheni ungedhani mji mzima umehamia pale. Mimi nilikuwa natia chumvi juu: "Joto la hapa si mchezo, ndugu watazamaji, shati limenigandia mgongoni!" Nilisema hivyo huku nimevaa sweta.

Halafu yakaja matangazo ya kufunika. Mpira ukisimama, mchezaji akiumia au kocha akibadilisha mtu, tangazo linaifunika picha yote bila sauti, na mtangazaji anaendelea kuongea chini yake. Wadhamini waligundua kwamba sauti ikikatika watu wanaondoka, sauti ikiendelea wanabaki. Shida ni kwamba tangazo lilinifunika hata mimi. Nilichokuwa nakiona ndicho ulichokuwa unakiona wewe kwako: godoro, na mwanamke anayelirukia huku anacheka. Dakika moja, wakati mwingine mbili, nilikuwa natangaza godoro. Nikajifunza kujaza. Unajua mambo huwa yanakwendaje: mtu anaanguka, daktari anakuja, anammwagia maji, mtu anainuka. Mara tisini na tisa kwa mia utapatia.

Kuhusu begi, hilo halikuwa agizo la kituo. Hilo ni langu mwenyewe. Wiki ya kwanza nilibaki nyumbani Ijumaa, jirani mmoja akaniuliza, "Vipi Shuhuda, wamekuacha?" Nikashindwa kuvumilia uso wake. Wiki iliyofuata nikashuka na begi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kitako, kisha akaona sicheki, akaenda kutafuta magazeti. Nikirudi nilileta na zawadi za safari. Asali, hasa. Niliinunua duka la nyuma ya kituo, nikabandua karatasi ya chupa kwa maji ya moto.

Chupa moja ya asali hiyo nilimpa fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Ni mjane, ana mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa beki wa kushoto wa timu ambayo sitaitaja. Nilimjua kijana huyo tangu anapiga mpira wa matambara kwenye ngazi zetu na kuvunja taa. Aliniita mjomba. Alipopata mkataba wa kwanza, mama yake aligonga mlango wangu akasema, "Kaka, sasa nimepumua. Mimi nikikosa kumwona, wewe utakuwepo." Nikamwambia asiwe na shaka.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano nilikuwa nashusha begi, akanikimbilia ngazini na sindano bado imechomekwa kifuani kwenye gauni.

"Kaka Shuhuda, nisamehe, nakuchelewesha. Unakwenda kule wanakocheza kesho?"

"Nakwenda, dada."

"Goti linamsumbua. Hajawaambia, anaogopa kuwekwa benchi. Nimemshonea mkanda, kitambaa cha kuvutika, mikunjo mitatu. Mpe kabla hajaingia. Mwambie mama kasema avae, asijifanye mwanaume."

Akanipa kifurushi cha kitambaa cheupe, kimeshonwa pande zote kwa uzi mwekundu, na juu yake ameandika kwa kalamu namba ya jezi ya mwanawe na maneno: "Vaa Jumamosi."

Ningeweza kusema safari hii siendi. Ningeweza kusema lolote. Nilikitia kifurushi kwenye begi, kati ya magazeti, nikasema, "Kitamfikia." Nikashuka, gurudumu likilia hatua kwa hatua, na yeye akanipungia mkono mpaka nikakunja kona.

Kesho yake, dakika ya sitini na moja, kijana alikwenda kuzuia krosi karibu na kibendera cha kona, akaanguka. Nilimwona akianguka. Nilimwona akishika goti. Kisha likaja godoro.

Sitasahau maneno niliyoyasema, na hata ningeyasahau nimeshasikilizishwa mara nyingi. "Daktari ameshafika, ndugu watazamaji, anamkagua goti. Kijana anatikisa kichwa, anasema niko sawa daktari, niachie nicheze! Huo ndio moyo wa beki. Mimi ni shuhuda, nipo hapa uwanjani." Fundi sauti akabonyeza kitufe cha kushangilia. Picha iliporudi kijana alikuwa amesimama, anachechemea kidogo, nami nikajiona nimepatia tena. Alicheza dakika tisa. Ya kumi goti likaenda upande ambao goti haliendi, akabebwa.

Jumapili jioni mama yake alinisubiri ngazini. Macho yamevimba. Habari alikuwa nayo tayari, alichotaka ni kitu kimoja.

"Ulimpa mkanda?"

"Nilimpa mtunza vifaa wao ampelekee," nikasema. Ulimi wangu haukujikwaa hata kidogo.

"Basi hakumpa! Mwanangu kasema hakupata kitu. Mtu gani huyo? Mungu atamuuliza."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimwacha mtu nisiyemjua, mwenye watoto wake huko aliko, alaaniwe kwenye ngazi zetu kwa ajili yangu. Nikapanda nikakiingiza kifurushi kabatini, chini ya mashuka.

Wiki ya tatu kijana aliletwa nyumbani, mguu umenyooshwa kwenye vyuma. Nilikwenda kumjulia hali kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Alikuwa amelala kwenye kochi la mama yake, cherehani pembeni, vipande vya vitambaa kila mahali. Aliniambia klabu imekataa kumfanyia upasuaji. Wanasema uzembe ni wake: daktari alikwenda, akamwuliza, akakataa kutoka. Mkataba unasema mchezaji akimkaidi daktari anajitibu mwenyewe.

"Na daktari alikwenda?" nikamwuliza.

"Hakuja mtu, mjomba. Kocha alikuwa anapiga kelele, 'Inuka, inuka, tunapoteza muda.' Daktari alikuwa benchi anaongea na simu. Wenzangu waliona, ila nani atasema? Wana mikataba." Akanigeukia. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

"Mimi?"

"Kile kibanda cha watangazaji, juu. Vioo vinang'aa, sikuona sura, ila nilijua upo. Nikanyoosha mkono juu, hivi. Nikasema mjomba ataniona, atasema kwenye televisheni kwamba hakuna daktari, na wakisikia wataona aibu watamleta. Niliupunga mpaka ukachoka." Akageuza uso kidogo. "Hukuniona?"

Watu husema walitamani ardhi ipasuke. Mimi nilitamani godoro lile liingie linifunike, na sauti ya mtu mwingine iendelee kuongea badala yangu. "Kulikuwa na jua machoni," nikasema.

"Basi," akasema. "Ndiyo maana." Akanisamehe pale pale, na msamaha ule ulinichoma kuliko matusi. Kisha akaniambia amelalamika kwa kamati ya ligi, na ushahidi wa klabu mbele ya kamati hiyo ulikuwa sauti yangu. Picha za dakika zile mbili hazikuwekwa popote, kituo hufuta kila Ijumaa kile ambacho hakikurushwa. Kilichobaki ni godoro na mimi. Madaktari walimwambia goti likikaa miezi miwili bila upasuaji litajifunga hivyo hivyo. Ilikuwa imebaki wiki tano.

Nilipanda nikamweleza mke wangu yote, mpaka habari ya kifurushi, ambayo nilikuwa nimemficha hata yeye. Alikaa kitandani ameshika tama.

"Ukisema unaumbuka," akasema. "Kazi inakwenda, jina linakwenda. Usiposema, zile ngazi utazishukaje? Unapita mlangoni kwao kila siku."

"Nitapita kimya kimya."

"Na hilo gurudumu?"

Nilimpigia bosi wa vipindi. Akanisikiliza kwa adabu yake ile ile. "Mzee wangu, wewe hujaitwa na kamati. Ni sauti tu iliyoitwa. Nyamaza, wiki mbili hivi watu watasahau." Alikuwa na haki ya kuamini hivyo, maana ndivyo kazi yetu ilivyo. Lakini mimi nilimwona mtu kwenye kochi akiunyoosha mkono juu kunionyesha, na kila nilipofumba macho mkono ulikuwa pale.

Siku ya kamati nilishuka na begi. Sijui kwa nini nililibeba, labda nilizoea kudanganya nikiwa nalo nikaona nitahitaji kitu cha kushika. Kikao kilikuwa katika ukumbi mdogo wa ofisi za ligi, meza ndefu, chupa za maji, feni inayogonga. Kijana alikaa mbele, mguu umepumzishwa kwenye kiti cha pili, mama yake ubavuni. Aliponiona nikiingia, akafurahi. Alidhani nimekuja kusema nilichokiona.

Waliipiga sauti yangu. Ukumbi mzima ukasikiliza jinsi daktari anavyomkagua goti. Mama alikuwa anaitazama sakafu. Nikainua mkono, mwenyekiti akaniuliza mimi ni nani, nikasema mimi ndiye huyo mnayemsikia.

"Vizuri," akasema mwanasheria wa klabu, akatabasamu. "Basi tuambie mwenyewe. Ulimwona daktari?"

"Sikumwona."

"Alikuwa amejificha?"

"Sikuwepo. Nilikuwa kituoni, chumba namba sita, natazama tangazo la godoro. Niliyatunga. Miaka mitatu sijakanyaga uwanja wowote."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Sikuthubutu kugeuza shingo upande wa kijana. Mwanasheria hakuyumba, ni mtu anayejua kazi yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, tumeulizia. Huyu bwana na familia hii wanaishi jengo moja. Ni huruma ya ujirani. Nchi nzima imemsikia akisema yuko uwanjani. Majirani zake wenyewe walimwona akiondoka na begi la safari."

"Begi ni hili," nikasema.

Nikalifungua juu ya meza yao. Nikatoa blanketi, nikatoa magazeti, rundo baada ya rundo. Mwishoni nikatoa kifurushi cheupe chenye uzi mwekundu. Nilikuwa nimekitoa kabatini asubuhi hiyo, na bado sikuwa na hakika kama nitakitoa mbele za watu.

"Hiki nilipewa Ijumaa nimpe mchezaji kabla ya mechi," nikasema. "Ningekuwepo uwanjani ningempa. Sikuwepo. Uzi haujakatwa."

Mwenyekiti akakisoma, akakigeuza. "Mama, hiki unakijua?"

Alikuwa ameshainuka. Alikuja mpaka mezani akakishika kwa vidole viwili. "Nimekishona mimi."

"Ulimpa lini?"

"Ijumaa. Alikuwa anasafiri." Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akanitazama, kisha akayatazama yale magazeti, moja moja, kama mtu anayetafuta tarehe. "Alikuwa anasafiri," akarudia, lakini safari hii taratibu.

Akakata uzi kwa meno pale pale, akaukunjua mkanda, akaenda kuuzungusha kwenye goti la mwanawe. Goti lilikuwa limevimba, limezungukwa na vyuma. Ncha mbili za mkanda hazikukutana, zilibaki mbali kwa upana wa kiganja. Akajaribu kuuvuta.

"Acha, mama," kijana akasema.

Huko nje, kwenye korido, nilisimama karibu na mlango nikisubiri nitukanwe. Nilikuwa nimejiandaa. Kijana akapita kwa magongo yake, hakunitazama wala hakuniita mjomba. Mama yake akasimama.

"Na ile asali?"

"Ya duka la nyuma ya kituo."

"Nilikuwa nampa kijiko kila akikohoa," akasema. "Nikimwambia ni ya kule."

Akaondoka. Nikalifunga begi bila magazeti, likawa jepesi kabisa, nikatembea nalo mpaka nyumbani likilia barabara nzima.

Kamati iliiondoa sauti yangu kwenye ushahidi, na klabu ilipobaki haina lolote ikaambiwa imtibu. Upasuaji ukafanyika ikiwa imebaki siku tano. Atatembea, madaktari wamesema. Kuhusu mpira hawajasema, na wakiulizwa wanaangalia karatasi. Nilimtafuta yule mtunza vifaa kwa simu nikamwomba radhi. Hakuwa anajua hata kwamba amelaaniwa, akacheka, akaniomba nimwambie ile "nipo hapa uwanjani" ili mwanawe asikie. Nilikata simu.

Kituo kilinipumzisha kwa barua ya heshima. Watoto wa jengoni sasa wananiita Godoro. Nastahili, siwezi kununa, ingawa nanuna.

Mwezi wa nane, Jumamosi moja mchana, mama alituma ujumbe kwa mke wangu: mtoto anauliza kama yule mzee atashuka kutazama mechi. Yule mzee. Nilisimama mlangoni kwao muda mrefu kabla ya kugonga. Hakukuwa na makaribisho makubwa. Kijana akanisogezea kiti kwa gongo lake, mama akaendelea kushona. Timu yake ilikuwa inacheza, nafasi yake amepewa mtu mwingine. Mtangazaji alikuwa kijana mpya mwenye sauti nzuri, ana haraka kidogo. Alisema jua la pale linachoma kweli kweli. Nilikijua kiti alichokalia, nilijua hata upande gani umechanika.

Dakika ya ishirini na kitu, beki yule mpya akaanguka akajishika mguu. Tangazo likaingia. Godoro lile lile, mwanamke yule yule anacheka bila sauti.

"Daktari tayari yuko pale," sauti ikasema chini yake, "anamhudumia, naona kijana anatabasamu."

Cherehani ikanyamaza. Mama hakuitazama televisheni. Alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu kwenye ile korido.

"Ni kweli? Yupo huyo daktari?"

Miaka thelathini watu wananiuliza maswali ya mpira, na sikuwahi kukosa jibu. Kijana naye akageuka, akanisubiri.

"Sijui," nikasema. "Na huyo anayesema hajui."

Tukabaki watatu tunalitazama godoro, tukimsubiri mtoto wa watu aonekane.